Kombe la Chalenji: maswali yanayoulizwa kila mara

Chalenji ni mashindano gani hasa?

Ni kombe la timu za taifa za wakubwa za nchi zilizo chini ya CECAFA, baraza la vyama vya mpira wa miguu vya Afrika Mashariki na Kati. Jina lake rasmi ni CECAFA Senior Challenge Cup, lakini vijiweni, redioni na magazetini watu husema Chalenji na inatosha. Kwa desturi huchezwa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba, nchi moja ikiwa mwenyeji, na kila kitu humalizika ndani ya wiki mbili au tatu.

Halina mchujo wa kuliingia, wala halimpeleki mtu AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) au Kombe la Dunia. Bingwa anaondoka na kombe, hundi, na haki ya kumtambia jirani mpaka mwaka unaofuata. Waliokulia ukanda huu wanajua kwamba hilo la tatu ndilo linalowatoa watu nyumbani.

Yalianza lini?

Inategemea unahesabu kutoka wapi, na ndiyo maana takwimu za magazeti hugongana.

Mzizi wake ni Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kwa Kenya na Uganda. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza, William Gossage and Sons, nayo ndiyo iliyotoa kombe. Kenya ilitwaa lile la kwanza baada ya mechi kuisha sare na kurudiwa. Kwa takriban miaka 20 wakawa wanachuana hao hao wawili, hadi Tanganyika ilipoingia 1945 na Zanzibar 1949. Linganisha na Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo lilichezwa mara ya kwanza Khartoum mwaka 1957: wakati huo watu wa huku walikuwa wameshazoea kugombana kwa ajili ya mpira kwa miongo mitatu. Ndiyo sababu Chalenji huitwa kombe kongwe kuliko yote ya timu za taifa barani.

Gossage ilikoma 1966. Kuanzia 1967 hadi 1971 nchi zile zile, sasa zikiwa huru, ziliendelea na kombe lenye jina la Challenge. Kisha 1973, mjini Kampala, likaja la kwanza chini ya bendera ya CECAFA, na Uganda ikaifunga Tanzania 2-1 kwenye fainali. Hesabu nitakazotumia hapa zinaanzia 1973. Ukiona mahali Uganda au Kenya imepewa mataji mengi kupita kiasi, jua mwandishi amechanganya na ya Gossage. Si kosa kubwa, lakini aseme.

Enzi hizo za Gossage ndizo zilizotoa akina Joe Kadenge wa Kenya. Wazee wa Nairobi bado wanasalimiana kwa "Kadenge na mpira", maneno ya watangazaji wa redio yaliyogeuka msemo wa mtaani, na vijana wengi wanautumia bila kujua kwamba Kadenge alikuwa mtu wa kweli.

Nchi gani ni wanachama? Congo imo?

Ni 12: Burundi, Djibouti, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania, Uganda na Zanzibar.

Congo haimo. Mashabiki wa Lubumbashi, Goma na Bukavu huuliza sana, maana Kiswahili ni chao na wachezaji wao wamejaa kwenye ligi ya Tanzania. Kisoka lakini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iko ukanda wa Afrika ya Kati, UNIFFAC. Huja kama mgeni inapoalikwa, kama ilivyokuwa 2021.

Mbona baba anasema Zambia na Malawi walikuwa wanacheza Chalenji?

Baba yuko sahihi. Zambia, Malawi na Zimbabwe walikuwa wenzetu kwa miaka mingi, na walikuwa wagumu. Malawi ilitwaa kombe 1978 na 1979 mfululizo, fainali zote mbili kwa 3-2, kwanza dhidi ya Zambia halafu dhidi ya Kenya ikiwa kwake, kisha ikarudia 1988. Zambia ilichukua 1984 na 1991. Zimbabwe ilichukua 1985 ikiwa mwenyeji. Baadaye nchi za kusini zikaunda chombo chao, COSAFA, mwaka 1997, na hao watatu wakahamia huko. Tangu hapo wakija Chalenji huja kwa mwaliko.

Kwa maoni yangu kombe halijawahi kupona sawasawa na kuondoka kwao. Zambia ya wakati ule ukiifunga ulikuwa umefunga timu ya Afrika nzima.

Nani ametwaa mara nyingi zaidi?

Uganda, mara 15, na hakuna anayemkaribia. Kenya ina 7: 1975, 1981, 1982, 1983, 2002, 2013 na 2017. Ethiopia ina 4. Tanzania, Malawi na Sudan wana 3 kila mmoja. Zambia 2. Zimbabwe, Rwanda na Zanzibar moja moja.

Katika saba za Kenya, zile tatu za mfululizo za 1981 hadi 1983 ndizo Wakenya wa umri fulani huzitaja kwa sauti ya juu. Kocha alikuwa Marshall Mulwa, na golini alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyepachikwa jina la "Kenya One". Ya 1981 waliifunga Tanzania 1-0 hapa hapa Tanzania. Ya 1982 wakaichukulia Uganda kwake Kampala kwa matuta, yaani penalti, baada ya sare ya 1-1. Kutwaa kombe mbele ya mashabiki wa jirani, mara mbili mfululizo, kunasahaulika polepole sana.

Kwa nini Uganda hasa?

Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Uganda ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 1978, ikafungwa na Ghana 2-0, halafu haikurudi AFCON mpaka 2017. Miaka 39. Ndani ya miaka hiyo hiyo ilitwaa Chalenji mara 11. Yaani nje ya ukanda mlango ulikuwa umefungwa, ndani ya ukanda wao ndio waliokuwa na funguo.

Sababu moja ni kwamba Uganda hawajawahi kulidharau kombe hili. Wengine wamepeleka vijana na kikosi cha pili, wao mara nyingi walikuja na timu waliyoiamini. Sababu nyingine ni kudumu na kocha: Mskoti Bobby Williamson aliwapa mataji manne, la 2008 (fainali ikachezwa Januari 2009), la 2009, la 2011 na la 2012. Kenya wakaona bora wamchukue wenyewe, na kweli 2014 akawa kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Chalenji lakini hakuwaletea.

Halafu lipo suala la wachezaji wa ndani, ambalo nitalieleza mbele. Kombe likiamuliwa na wachezaji wa ligi za nyumbani, mwenye benchi refu la wachezaji wa nyumbani ndiye anayefaidi.

Na Tanzania je?

Mara tatu, na kila moja ina ladha yake. Ya 1974 ilikuwa nyumbani, Uganda ikitolewa kwa penalti baada ya 1-1. Ya 1994 ilikuwa Nairobi, Uganda tena, penalti tena, safari hii baada ya 2-2. Halafu ikapita miaka 16 ya ukame.

Ile ya tatu ilikuja Desemba 2010 Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Nusu fainali vijana wetu waliitoa Uganda kwa matuta, na fainali wakakutana na Ivory Coast, timu alikwa iliyokuja na wachezaji wa ligi yao ya ndani. Nahodha Shadrack Nsajigwa, beki wa kulia, akafunga kwa penalti, ikaisha 1-0. Kocha alikuwa Mdenmark Jan Poulsen. Ukisema leo kwamba "tuliwafunga Ivory Coast tu wa mitaani" utapata kesi: waliokuwa uwanjani siku ile hawataki kusikia habari za kikosi cha pili. Kwa taifa lililoishi miaka na ule msemo wa Rais Ali Hassan Mwinyi kwamba timu yetu ni kichwa cha mwendawazimu, kila mtu anajifunzia kunyoa, mtu anayekuja kuchambua ubora wa mpinzani baada ya kombe kuinuliwa anatafuta ugomvi.

Fainali tulizopoteza pia zipo: 1980 kwa Sudan, 1981 kwa Kenya, 2002 kwa Kenya 3-2 nyumbani.

Kwa nini Zanzibar inacheza peke yake na Tanzania ipo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, hasa na watu wa nje.

CECAFA ina uanachama wa vyama vya mpira, na Zanzibar ina shirikisho lake, ZFF, zamani ZFA, lenye ligi yake na mabingwa wake. Liliingia kwenye mashindano ya ukanda tangu 1949, wakati Tanganyika na Zanzibar zikiwa nchi mbili. Muungano wa 1964 ulipokuja, mpira wa ukanda haukubadilika. Basi mpaka leo kwenye Chalenji kuna Zanzibar Heroes na kuna Kilimanjaro Stars, ambayo ni timu ya Tanzania Bara. Taifa Stars ni timu ya Muungano mzima. Hiyo haichezi Chalenji, inacheza AFCON na mchujo wa Kombe la Dunia.

FIFA haiitambui Zanzibar kama mwanachama. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliipa uanachama kamili Machi 2017 mjini Addis Ababa, watu wakashangilia Unguja na Pemba, na miezi minne baadaye, Julai, CAF ile ile ikaufuta ikisema Zanzibar haikustahili kupokewa kwa kuwa si nchi huru. Klabu za Zanzibar zinaendelea kucheza Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho, lakini timu ya taifa haina AFCON. Kwa hiyo kwa Mzanzibari, Chalenji ni Kombe lake la Dunia. Ndiyo sababu utaona Heroes wakicheza kwa roho ambayo timu nyingine hazinayo, na ndiyo sababu Chalenji inapoahirishwa, anayeumia zaidi ni mchezaji wa Unguja kuliko wa Nairobi. Wa Nairobi ana mechi nyingine za kuchezea taifa lake.

Zanzibar ilitwaa kombe mara moja, 1995, kwa kuifunga Uganda 1-0 ndani ya Uganda.

Mchezaji akichezea Zanzibar Heroes anaweza kuchezea Taifa Stars?

Ndiyo. Kwa FIFA ni Mtanzania tu. Feisal Salum na Mudathir Yahya wamevaa jezi zote mbili. Anachokosa ni kuchezea Kilimanjaro Stars na Heroes kwa wakati mmoja, kwa sababu iliyo wazi.

Hata makocha hupita njia hiyo. Hemed Suleiman "Morocco" aliifundisha Heroes iliyotikisa Kenya 2017, na baadaye akakabidhiwa Taifa Stars.

Mechi ya Bara na Visiwani ikoje?

Kali, yenye utani mwingi, na kwa kawaida Visiwani wanaichukulia kwa uzito zaidi. Mwaka 2012 walikutana kugombea nafasi ya tatu, Zanzibar ikashinda kwa penalti. Mwaka 2017 wakakutana kwenye makundi, Zanzibar ikashinda 2-1. Watu wa Bara hupenda kusema "ni ndugu zetu, hata wakishinda ni sisi". Jaribu kuwaambia hivyo watu wa Kikwajuni siku ya mechi.

Timu alikwa ikishinda fainali, inapewa kombe?

Mwaka 2006 haikupewa. Ilikuwa Addis Ababa, fainali ya Zambia na Sudan ikaisha 0-0, wakaenda kwenye penalti ambazo hazikutaka kuisha, na Zambia ikashinda 11-10. Fikiria: wachezaji wote wamepiga, wameanza kurudia, mmoja akakosa. Lakini Zambia alikuwa mgeni, si mwanachama, na taji likaenda Sudan. Kwenye orodha za mabingwa utakuta Sudan 2006, na ukisoma matokeo ya fainali utadhani mtu amekosea kuandika.

Sudan hawakuona haya. Mwaka uliofuata, Tanzania, wakalitwaa tena kwa njia inayoeleweka na kila mtu, kwa penalti dhidi ya Rwanda.

Mimi naona ukimwalika mtu kwenye mashindano mpe haki ya kushinda, au usimwalike. Vinginevyo mwambie mapema kwamba amekuja kusindikiza.

Ni kweli kuna nchi iliwahi kuingiza timu mbili?

Kweli kabisa. Mwaka 1999 Rwanda, ikiwa mwenyeji, ilileta timu A na timu B. Timu B ndiyo iliyotwaa kombe, ikiifunga Kenya 3-1 kwenye fainali. Hilo ndilo taji pekee la Amavubi, na limeletwa na kikosi cha pili. Sijui waliokuwa timu A waliangaliaje sherehe zile.

Mwaka uliofuata Uganda nayo ikaleta mbili, na fainali ikawa Uganda dhidi ya Uganda B. Uganda ikashinda 2-0. Hakukuwa na namna kombe lingetoka nje ya mpaka.

Kwa nini nyota wanaocheza Ulaya hawaji?

Kwa sababu Chalenji huchezwa nje ya tarehe za kimataifa za FIFA. Klabu halazimiki kumwachia mchezaji, na hakuna klabu ya Ulaya itakayomwachia mshambuliaji wake Desemba, ligi imepamba moto, aje kucheza Kakamega. Hata klabu za hapa nyumbani hunung'unika ligi inaposimama.

Matokeo yake ni kwamba Chalenji imekuwa kombe la wachezaji wa ligi za ndani. Wapo wanaoliona hili ni aibu. Mimi naliona ni sehemu ya utamu: unamwona beki uliyemtukana Jumamosi kwenye ligi akiimba wimbo wa taifa Jumanne. Na maskauti huja. Kwa mchezaji wa Djibouti au Burundi, wiki mbili za Chalenji zinaweza kumpatia mkataba na klabu ya Dar au Nairobi.

Mechi zinaingia kwenye viwango vya ubora vya FIFA?

Za timu A za wanachama wa FIFA zinaingia, kwa uzito mdogo kama wa mechi za kirafiki. Za Zanzibar haziingii. Uganda ikifungwa na Zanzibar, inapoteza usingizi lakini haipotezi pointi.

Mfumo wa mashindano ukoje?

Hubadilika kulingana na waliojitokeza. Wakiwa 12, makundi matatu ya timu nne nne, wawili wa juu wanapita pamoja na timu mbili bora zilizoshika nafasi ya tatu, inakuwa robo fainali. Wakiwa wachache, makundi mawili na moja kwa moja nusu fainali. Mwaka 2017 kundi moja lilikuwa na timu tano na jingine nne kwa sababu Zimbabwe ilijitoa dakika za mwisho.

Zawadi ni kiasi gani?

Enzi za udhamini wa bia ya Tusker, bingwa alipata dola 30,000, mshindi wa pili 20,000 na wa tatu 10,000. Gawa kwa wachezaji 20 na benchi la ufundi uone inabaki nini. Kabla ya hapo bilionea Mohammed Al Amoudi alilidhamini, 2005, likaitwa kwa jina lake. Mwaka 2013 ikawa GOtv. Kombe hili limebadilisha majina ya wadhamini tangu enzi za sabuni.

Habari za wachezaji wa Eritrea kutoroka ni za kweli?

Ndiyo, na si mara moja. Mwaka 2009 wachezaji 12 walibaki Kenya baada ya timu kutolewa. Mwaka 2012 Uganda, 17 pamoja na daktari wao waliondoka hotelini na kuomba hifadhi. Mwaka 2019, Uganda tena, saba.

Waliotoroka 2019 walifanya hivyo baada ya kutinga fainali, ambako Eritrea ilifungwa na wenyeji 3-0. Ilikuwa fainali ya kwanza kwao. Timu ambayo kila safari inapoteza nusu ya kikosi, na safari nyingine serikali inakataa isitoke kabisa, ilifika mechi ya mwisho ya ukanda. Katika historia yote ya kombe hili sioni mafanikio ya kimpira yanayozidi hayo, na medali zao hazikurudi zote Asmara.

Kwa nini halifanyiki kila mwaka?

Pesa na mwenyeji, kwa mpangilio huo.

Kulaza timu 10 au 12 hotelini, kuzisafirisha kati ya miji miwili mitatu, kulipa waamuzi, kuandaa viwanja: ni gharama ya mamilioni ambayo mapato ya mlangoni hayafikii. Mechi za wenyeji hujaza uwanja, lakini Djibouti na Somalia saa nane mchana siku ya kazi hawajazi hata jukwaa moja. Kwa hiyo lazima awepo mdhamini au serikali. Mwaka 2014 Ethiopia ilijitoa kuandaa na kombe likafa mwaka huo. 2016 halikuwepo, 2018 halikuwepo, 2020 korona. Wala si ugonjwa mpya: 1986, 1993, 1997 na 1998 pia ni mapengo kwenye orodha.

Kingine kinachosemwa kidogo ni CAF. Mashindano ya ukanda ya vijana wa chini ya miaka 17 na 20 siku hizi ndiyo mchujo wa AFCON za vijana, na ya klabu za wanawake ndiyo njia ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake. Yana msukumo kutoka juu. Chalenji ya wakubwa haimpeleki mtu popote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Kuna na CHAN, kombe la wachezaji wa ndani la Afrika nzima, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja Agosti 2025. Zote tatu zilifika robo fainali na zote tatu zikatolewa hapo hapo. Mashirikisho yakishaonja CHAN, na AFCON 2027 ikiwa inakuja kwenye nchi hizo hizo tatu, kumshawishi waziri atoe fedha za Chalenji ni kazi.

Nchi ambazo hazitafika AFCON kwa miaka mingi ijayo, Somalia, Djibouti, Sudan Kusini, ndizo zinazoibeba hasara hiyo. Kwao mechi tatu za Chalenji zilikuwa sehemu kubwa ya mechi zao za mwaka.

Tofauti ya Chalenji na Kombe la Kagame ni nini?

Kagame ni la klabu: Simba, Yanga, APR, Gor Mahia na wenzao. Limepewa jina la Rais wa Rwanda ambaye amekuwa akitoa fedha za zawadi tangu 2002. Chalenji ni la mataifa.

Kombe la Mapinduzi la Zanzibar huwachanganya watu zaidi, kwa sababu kwa kawaida ni la klabu, lakini Januari 2025 lilichezwa na timu za taifa kisiwani Pemba, Uwanja wa Gombani. Heroes walilibeba kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Hilo si Chalenji, hata kama Wapemba walisherehekea kama ndilo.

Kuna Chalenji ya wanawake?

Ipo. Ilichezwa mara ya kwanza Zanzibar mwaka 1986 na wenyeji wakaitwaa, halafu ikalala miaka 30. Ilipoamka 2016 mjini Jinja, wanawake wa Tanzania Bara, Kilimanjaro Queens, waliifunga Kenya 2-1 kwenye fainali, wakaitetea 2018 Kigali. Kenya ikalipiza 2019 kwa 2-0 Dar es Salaam. Uganda ikatwaa 2022 kwa kuifunga Burundi 3-1. Burundi kufika fainali kulishangaza wengi, wanaowafuatilia hawakushangaa.

Kama nina muda wa kutazama fainali moja tu ya zamani, nitazame ipi?

Kenya na Zanzibar, 17 Desemba 2017, Uwanja wa Kenyatta, Machakos. Watu wengine watakutajia 2013, Nyayo, siku ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka 50 ya uhuru na Allan Wanga akifunga mawili dhidi ya Sudan. Ilikuwa sherehe nzuri. Lakini kama mpira, ya Machakos ni habari nyingine.

Zanzibar ilikuwa imeifunga Rwanda, imeifunga Bara, imetoka sare na Kenya yenyewe, na nusu fainali ikamtoa bingwa mtetezi Uganda 2-1. Miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu CAF iwafutie uanachama. Fainali ikaanza vibaya: dakika ya tano Ovella Ochieng akaipatia Kenya bao. Kuanzia hapo angalia jinsi Heroes wanavyocheza. Hawapigi mipira mirefu ya kukata tamaa, wanagongeana pasi fupi fupi, kiungo anageuka na mpira akiwa amezungukwa, mashabiki wa Machakos wenyewe wanaanza kuguna kwa kukubali. Wanasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, Khamis Mussa Makame. Muda wa nyongeza Masud Juma anaiweka Kenya mbele tena, na Khamis yule yule anarudisha tena. 2-2.

Kwenye matuta, golikipa wa Kenya Patrick Matasi akapangua tatu. Angalia hasa anavyochelewa: hachagui upande mapema, anamsubiri mpigaji afunue mguu kwanza. Kenya ikashinda 3-2. Heroes walirudi Unguja bila kombe na wakapokewa na umati kama waliolibeba.

Kombe la 2021 linahesabika kama la nne kwa Tanzania?

Ukiniuliza mimi, hapana. Lile lilichezwa Bahir Dar, Ethiopia, kwa wachezaji wa chini ya miaka 23. Tanzania iliifunga Burundi kwa penalti 6-5 baada ya 0-0, na vijana walistahili. Ila baada ya hapo 2022, 2023 na 2024 zikapita bila ya wakubwa. Kwa hiyo bingwa wa mwisho wa Chalenji yenyewe kabla ya mapengo hayo ni Uganda ya 2019, na Waganda watakukumbusha hilo bila kuulizwa.